Kurushiwa Kichwa cha Samaki Si Kufugwa

Barua zilizofika mezani mwezi huu zilikuwa nyingi, nami nimechagua nne. Zimetoka Mji Mkongwe, Fuoni, Wete na Makunduchi, na waandishi wake hawajuani, lakini nilipozisoma kwa mfululizo niliona kwamba zote zinazunguka jambo moja: mnyama anayekula kwetu na kulala kwetu, lakini hakuna anayethubutu kusema kwamba huyu ni wangu. Katika miaka yangu ya utabibu wa mifugo hapa visiwani, waliomdhuru mnyama kwa chuki nimewaona wachache mno. Waliomfuga nusu nusu, wakampa chakula na wasimpe kingine chochote, siwezi kuwahesabu.

Swali: Mimi ni mjamzito wa miezi minne, na hii ni mimba yangu ya kwanza. Tunaishi ghorofa ya pili Mji Mkongwe, na paka watatu wa mtaani wameizoea nyumba yetu. Kila mchana nawarushia vichwa vya samaki, na mmoja wao, jike la madoadoa, hulala miguuni mwa kitanda chetu. Mama mkwe amekuja kutoka Pemba na anataka wote watolewe, kwani anasema nywele za paka humwingia mtoto tumboni. Mume wangu anamjibu kwamba paka si najisi, na kwamba Mtume (S.A.W.) alituusia kuwatendea wema. Mimi nimekaa katikati. Nimfuate nani?
*Mama mtarajiwa, Mji Mkongwe*

Jibu: Bibie, hongera, na Mwenyezi Mungu akujaalie ujifungue salama. Mama mkwe wako ana haki ya kuogopa, ila anachokiogopa sicho. Nywele za paka hazina njia ya kumfikia mtoto aliye tumboni. Mwenye pumu ndiye anayeweza kusumbuliwa nazo. Cha kuogopa kimo katika kinyesi, nacho ni kimelea kisichoonekana kwa jicho, kinacholeta ugonjwa uitwao toksoplasmosi. Paka hukipata kimelea hicho akila panya, ndege au nyama mbichi, kisha kwa muda wa wiki moja hadi tatu, na aghalabu mara moja tu katika maisha yake, hutoa vijiyai vyake pamoja na kinyesi. Mtu mzima mwenye afya akiambukizwa huenda asihisi zaidi ya uchovu na homa ndogo ya siku chache. Lakini mwanamke ambaye hakuwahi kuambukizwa kabla, akaambukizwa akiwa na mimba, anaweza kumpitishia mtoto, na hapo ndipo mimba huweza kuharibika, au mtoto akazaliwa na madhara ya macho au ya ubongo.

Mumeo naye amesema kweli, ila amejibu swali ambalo mama yake hakuliuliza. Hadithi ya Abu Qatada wengi wetu tumeisikia madrasa: mke wa mwanawe, Kabsha, alimwekea maji ya kutawadhia, akaja paka kutaka kunywa, naye Abu Qatada akamwinamishia chombo mpaka mnyama akatosheka, mkwewe alipomtazama kwa mshangao, akamweleza kwamba Mtume amesema paka si najisi, ni katika wale wanaotuzungukia majumbani. Hukumu hiyo ni ya mate na mwili wa paka. Kinyesi chake ni najisi kama vinyesi vingine. Na hata pasingekuwa na najisi yoyote, tohara ni jambo moja na maradhi ni jambo jingine. Maji ya kisima yanaweza kuwa tahiri kwa udhu na yakawa hayafai kunywewa, kama tulivyojifunza sote katika misimu ya kipindupindu.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Vijiyai nilivyovitaja, vikitoka tu, haviwezi kuambukiza. Vinahitaji siku moja kwa uchache, na mara nyingine hadi siku tano, ili vipevuke. Kwa hivyo kinyesi kikiondolewa kila siku, hatari huondoka kabla haijakomaa. Chukueni beseni kuukuu, mtie mchanga mkavu wa kina cha vidole vinne, mliweke darini au kwenye ukumbi wa nyuma, mbali na jiko. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, mumeo aokote kinyesi kwa kifuu kilichotengwa kwa kazi hiyo tu, akitie katika mfuko, aufunge, autupe jaani. Mara moja kwa wiki amwage mchanga wote na alimwagie beseni maji yanayotokota. Nasema maji ya moto kwa makusudi, kwa sababu wengi humimina jiki, wakanusa ile harufu kali, wakaridhika kwamba wamemaliza, na hali vijiyai hivi havijali jiki. Nimesema pia mumeo, sikusema wewe, na iwe hivyo mpaka utakapojifungua. Akisafiri na ukawa huna msaidizi, vaa glavu, na ukizivua nawa mikono kwa sabuni.

Wala usidhani kwamba paka ndiye mlango pekee. Nyama isiyoiva ni njia kubwa ya kukipata kimelea hiki, kwa hivyo mishkaki yenye wekundu ndani ingoje mpaka baada ya arubaini yako. Mchicha na saladi zioshwe maji mawili matatu. Lundo la mchanga wa ujenzi lililoachwa uchochoroni, ambalo kwa watoto ni uwanja wa michezo, kwa paka wa mtaa mzima ni choo, na mikono iliyochezea hapo isiguse mkate kabla ya kuoshwa. Ukienda kliniki, muulize mkunga au daktari kuhusu kipimo cha damu kinachoonyesha kama uliwahi kuambukizwa zamani. Walio wengi katika waliowahi hawana cha kuhofia katika mimba hii.

Limebaki suala la paka watatu, na hapa nitasema maoni yangu. Hawa si paka wako, wala si wa mtu mwingine, na hilo ndilo tatizo. Yule wa madoadoa amekwisha kukuchagua, basi nawe mchague. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo apewe dawa ya minyoo na chanjo, mumpikie samaki wake badala ya kumpa wabichi, na mlango wa chumba cha kulala ufungwe kwa miezi hii, hata akililia kitasa. Wawili waliobaki msiwafukuze kwa maji ya moto wala kwa fagio, bali msiwalishe tena ndani. Wekeni chakula chao chini, kwenye kibaraza, na muulizane na majirani nani atamchukua yupi. Jike huweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, naye huibeba kwa wiki tisa hivi. Msipoamua sasa, mtoto wako hatakuwa amekaa kitako kabla ya ngazi kujaa vipaka. Daktari anaweza kumfunga kizazi. Maulamaa wamekhitalifiana katika jambo hilo, wapo wanaoliruhusu panapokuwa na maslahi na pasipokuwa na mateso, na mumeo, kwa kuwa ameonyesha kupenda elimu hiyo, namwachia yeye akamuulize sheikh wake.

Swali: Paka wangu dume alishikwa na homa, akawa hali kwa siku mbili. Nilimsagia nusu kidonge cha panadol nikamtilia kwenye supu ya samaki. Usiku ule uso ulimvimba, akawa anahema kwa tabu, na alfajiri tulimkuta amekufa chini ya kabati. Watoto wananiuliza mpaka leo. Je, ni dawa iliyomuua, au siku yake ilikuwa imefika? Dada yake yupo, nami nataka nimtunze vizuri zaidi.
*Baba wa watoto wawili, Fuoni*

Jibu: Ndugu yangu, siku yake anaijua Mungu, lakini dalili unazozieleza ni za ile dawa, nami sitakuficha, kwa sababu huenda yupo msomaji ambaye muda huu ana kidonge mkononi na paka mapajani. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja panadol kama linavyoivunja ini la binadamu. Dawa hugeuka sumu mwilini, na sumu hiyo huiharibu damu isiweze kubeba oksijeni. Ndipo ufizi unapogeuka rangi ya kahawia au ya samawati, uso na nyayo zikavimba, na mnyama akahema kama aliyekimbizwa. Tufanye hesabu kidogo. Nusu ya kidonge cha miligramu 500 ni miligramu 250, na paka wa kilo 3 akizimeza amepata zaidi ya miligramu 80 kwa kila kilo ya mwili wake. Mtu mzima wa kilo 60 akinywa vidonge viwili vizima hupata kama miligramu 17 kwa kilo. Ulimpa, bila ya kujua, karibu mara tano ya kipimo chetu, na mwili wake haukimudu hata hicho chetu. Brufeni na aspirini pia zina hatari kwa paka. Kwa watakaokosea baada ya leo, ipo tiba ya kuizuia sumu hii, lakini hufaa ikiwahiwa, kwa hivyo mkimbizeni kwa daktari saa ile ile bila ya kungoja kuvimba.

Waambie watoto ukweli kwa maneno wanayoyaweza: kwamba dawa ya watu si dawa ya paka, na kwamba baba hakujua.

Kuhusu dada yake, mambo ya kuangalia yako jikoni na kabatini zaidi kuliko dukani. Dawa za kupe za mbwa na ng'ombe, hasa zenye permethrini, asipakwe hata tone. Paka hutetemeka, huanguka kifafa, na wengi hufa. Makombo ya mchuzi wenye kitunguu maji na thomu asipewe, kwa kuwa viungo hivyo huvunja chembe zake nyekundu za damu. Dagaa ni chakula kizuri, lakini wachemshe. Baadhi ya samaki wadogo, wakiliwa wabichi siku baada ya siku, humpotezea paka vitamini B1 mpaka akaanza kuyumba shingo. Na kwa wasomaji wanaokaa karibu na diko: mvuvi anapomtupa bunju mchangani huwa ameshamtoa katika hesabu yake, ila hakumtoa katika hesabu ya paka. Sumu ya bunju haipotei kwa kupikwa, haina tiba ya kuiondoa, na hukaa zaidi katika maini, mayai na ngozi, yaani pale pale tunapozoea kumtupia paka. Bunju afukiwe, na afukiwe chini sana.

Swali: Nina mbwa mmoja shambani anayenilindia muhogo na ndizi zisiliwe na tumbili. Watu wa chanjo walipita shehia ya jirani, lakini wenzangu wananiambia kichaa cha mbwa kimekwisha Pemba, kwa hivyo nisijisumbue kumburura mnyama juani. Pia, wiki mbili zilizopita, mtoto wa kaka yangu aliumwa mguuni na mbwa asiyejulikana mwenyewe. Jeraha lilikuwa dogo, akapakwa majivu, na sasa limefunga. Kuna la kufanya?
*Mkulima, Wete*

Jibu: Mzee wangu, nilipofika mstari wa mtoto nilimwomba mhariri akupigie simu siku ile ile, na nashukuru kwamba mtoto ameanza sindano zake. Ninayoandika hapa ni kwa wengine walio na jeraha kama lile na wanaojipa moyo kwa sababu limefunga. Kufunga kwa jeraha hakusemi lolote. Virusi vya kichaa cha mbwa husafiri taratibu kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, na dalili huchukua kwa kawaida miezi miwili au mitatu kutokea, mara nyingine wiki chache tu, mara nyingine zaidi ya mwaka. Zikishatokea, mgonjwa karibu kila mara hufa, hata akiwa katika hospitali kubwa ya namna gani. Kabla hazijatokea, chanjo humwokoa. Kwa hivyo aliyechelewa wiki mbili bado hajachelewa kwenda, ila asilale tena.

Na saa ya kwanza ni ya sabuni. Mkalishe aliyeumwa karibu na mfereji, ufungue maji yapite juu ya jeraha, usugue kwa povu la sabuni ya mche ndani ya kila tundu la jino, uendelee hivyo kwa dakika 15 za saa. Si dakika 15 za kukisia. Mtoto atalia, utamwonea huruma, na dakika ya tatu itakuwa kama ya kumi na tano, basi mpe mtu mwingine saa aihesabu. Kama hakuna mfereji, mmoja amimine kwa kopo na mwingine asugue. Majivu, pilipili na mafuta ya taa nimeviona vyote kwenye miguu ya watoto wa mashamba, na hakuna hata kimoja kinachofanya kazi ya sabuni. Kisha hospitali, siku ile ile. Akiwa mbwa anajulikana na yu mzima, afungwe na atazamwe kwa siku 10. Lakini matibabu ya mtoto hayamngojei mbwa, daktari ndiye atakayeamua kama yasimamishwe.

Sasa hilo la kwamba ugonjwa umekwisha. Wenzako wana nusu ya habari. Baada ya mbwa wa kisiwa kizima kuanza kuchanjwa kila mwaka, vifo na wagonjwa vilipungua mwaka hadi mwaka, na kufikia Mei 2014 kichaa cha mbwa kilikuwa kimetoweka Pemba. Watu wakapumua, chanjo zikalegea. Mwishoni mwa 2016 ugonjwa uliingia tena, mara mbili, kutoka nje ya kisiwa, ukawakuta mbwa wasio na kinga, ukaenea. Ilibidi chanjo ya kisiwa kizima irudishwe ndipo ukatoweka tena Oktoba 2018. Bahari haikuuzuia, kwa sababu mbwa hupanda vyombo kama watu. Wataalamu hulenga kuchanja mbwa saba katika kila kumi ili ugonjwa ukose pa kupita, na huyo wako wa shambani ni mmoja katika hao kumi.

Nitaongeza neno ambalo huenda baadhi ya wasomaji wasilipende. Sisi Mashafi tunajua uzito wa mate ya mbwa, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Lakini mbwa wa kulinda mazao ameruhusiwa, na nimewaona watu wakiifanya hukumu ya tohara kuwa kisingizio cha kutokuwa na dhamana: mbwa analinda shamba usiku, na asubuhi afisa wa chanjo akiuliza ni wa nani, kila mtu anaangalia pembeni. Kumshika kwa kamba hakukukatazi kusali. Mzoeshe kamba ya usumba shingoni tangu wiki moja kabla, kwa kumfunga kidogo wakati wa kula, na siku ya chanjo hutamburura; atakufuata mwenyewe. Kadi atakayopewa ihifadhi bahashani pamoja na vyeti vya watoto, kwa sababu chanjo ina muda wake na mwakani hutaikumbuka tarehe. Shambani awe na kivuli na maji, na chombo chake kiwe chake peke yake, watoto wasikiguse.

Swali: Wanangu wamemwokota mtoto wa komba chini ya mnazi baada ya upepo. Amefungwa uani kwa uzi, anakula ndizi, na wanamshikashika kutwa. Naweza kumfuga?
*Mama wa watoto wa skuli, Makunduchi*

Jibu: Hapana, dada yangu. Komba anapendeza akiwa mdogo, kisha hukua, akatia alama mikononi na miguuni kwa mkojo wake mwenyewe na kuipaka kila anapopita, akalala mchana kutwa na kupiga kelele usiku kucha, na meno yake hupenya mpaka mfupani. Tunamtania kwa ulevi wa tembo la mnazi, lakini chakula chake cha kweli ni matunda, wadudu na utomvu wa miti, ambavyo vyote hutaweza kumtafutia uani. Isitoshe, yeye ni katika jamii ya kima na sokwe, na maradhi yetu na yake hubadilishana kwa urahisi. Wanyamapori wa Zanzibar wamo katika Sheria Nambari 10 ya 1996 ya misitu, kwa hivyo mahali pa kumpeleka ni ofisi ya misitu iliyo karibu nawe, na sheha wako atakuelekeza.

Mpaka hapo, mfungue uzi huo, kwa sababu humkata mguu. Mtie ndani ya tenga lenye kitambaa, ulifunike, uliweke mahali pa giza, watoto wamtazame kwa mbali na waliokwisha kumshika wanawe mikono. Akiwa amewauma au kuwaparura, fanya ile kazi ya sabuni niliyomweleza mkulima wa Wete, kisha mwende hospitali. Usiku wa kwanza liweke tenga hilo wazi chini ya mnazi ule ule, mkae ndani kimya, kwani mama yake huenda bado anamtafuta. Asiachwe nje mchana hata kwa dakika chache, maana kunguru wakimwona hawatambakisha.